Kamati ya Watu Tisa na Ng'ombe wa Mama Kabula

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, shuka mbili na nasaha nyingi, kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi ili walimu wapya wa Elimu ya Dini ya Kiislamu wapate pa kuanzia. Saa inakwenda mbele. Nasaha nimezisahau. Kuandika ndiko kulikobaki, na kwa kuwa mke wangu amechoka kuniona nikizunguka jikoni nikionja mboga, nimeonelea nianze leo.

Habari za vyeo na mishahara waulizeni wahasibu. Mimi nitasema habari za Thamud. Walimu wenzangu wengine walikuwa hodari wa twahara, wengine wa mirathi. Mimi tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho nimekuwa mtu wa Thamud, wale watu wa kale wa Arabuni waliokuja baada ya kina Adi, wakachonga milima kuwa nyumba, wakaneemeka, wakajiona, wakaangamia. Nimewajenga na kuwabomoa Kahama mjini, nikawajenga na kuwabomoa Kagongwa, na mwisho nikawapeleka kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, ambako nusura waniponyoke. Jina la machimbo hayo nalihifadhi. Wahusika bado wako hai na baadhi yao wana mikono mizito.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Nyasubi, katika shule ambayo haikuwa na chumba cha vipindi vya dini, hivyo tuliazimwa banda la madrasa ya jirani. Mwenye madrasa alikuwa Bibi Zuhura, mama wa Kitabora aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti ya kusimamisha baiskeli. Nikaingia na shati jipya, nikaandika ubaoni THAMUD, nikaanza. Kufikia nusu ya kipindi nilikuwa nimekwisha kuliteketeza taifa zima, na wanafunzi wakawa wananitazama wakingoja nitaje wa kufuata. Nikawapa mapumziko kabla ya kengele. Bibi Zuhura alikuwa amekaa dirishani anachambua mchele, akaniita.

"Mwanangu, umewaua watu ambao hatujawajua."

"Lakini Bibi, ndivyo kisa kilivyo. Waliangamia."

"Waliishi kwanza," akasema. "Walilima. Walikuwa na chemchemi na mitende, wakajenga majumba bondeni na mengine wakayachonga mlimani. Wajukuu zao walicheza kwenye ngazi za mawe. Wewe umeingia na kelele ya adhabu kama mgambo. Nani atalia?"

Wiki iliyofuata alinionyesha anavyofanya yeye. Alikuwa na karai la udongo wa mfinyanzi, na hilo ndilo lililokuwa kifaa chake cha kufundishia kuliko ubao. Kila mtoto alijenga nyumba yake ya Thamud, akaichongea mlango, akapanda kijiti kuwa mtende. Mji ule ulikaa pembeni mwa banda siku nyingi, watoto wakaugombania, wakauwekea hata soko na kituo cha mabasi. Walipokuwa wameshaupenda ndipo Bibi alipowasimulia habari za Nabii Saleh na ngamia, na mwisho akaumwagia mji ule ndoo ya maji. Darasa zima lililia. Mmoja alikuwa ameiba nyumba yake jana yake akaipeleka kwao, na Bibi akasema huyo ndiye aliyeelewa somo.

Karai hilo Bibi alinipa, nikawa nakwenda nalo kila nilikohamishiwa. Mlinzi wa shule ya Kagongwa alidhani mimi ni fundi ujenzi, akaniomba nimkadirie banda la kuku.

Kagongwa nilijifunza kwamba mwanafunzi husikia kisa kwa masikio ya kwao. Pale ni nchi ya mpunga. Niliuliza kwenye mtihani kwa nini Thamud walianguka, na karatasi kadhaa zikajibu kwamba walijenga mabondeni badala ya kulima, mmoja akaongeza kuwa na mbolea ilichelewa. Nilimpa nusu maksi kwa sababu sehemu ya mabonde ilikuwa kweli.

Likizo nilikwenda kwetu Kishapu nikamsimulia baba. Baba alikuwa mfugaji aliyesilimu ili amwoe mama, na hakuwahi kusema kama alijuta. Nilimsimulia kwa madaha yote: jinsi watu walivyodai ishara, ngamia jike akatokea mwambani, jinsi walivyoambiwa maji yagawanywe, siku moja ya ngamia, siku moja yao, jinsi masimulizi yanavyosema kwamba siku ya ngamia watu walikuwa wanakunywa maziwa yake hadi wanashiba, na jinsi walivyomkata miguu pamoja na hayo. Baba alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa huyo ngamia," akasema, "alikuwa anachungwa na nani?"

"Hakuchungwa, Baba. Alikuwa ishara. Alikuwa anajichunga."

"Basi ndiyo maana."

Sikuendelea. Kuna watu huwezi kuwafundisha, na wengi wao wamekuzaa.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa shule moja ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya korongo kutoka machimboni. Mahali penyewe palikuwa shamba la mihogo, mpaka mtu mmoja alipochimba choo akakuta jiwe linalong'aa. Mimi nilipofika tayari palikuwa na vinyozi, nyumba za wageni, ukumbi wa kuonyesha mpira, na mtaa ulioitwa Dubai kwa sababu ulikuwa na taa. Vijana walikuwa wametoka Kigoma, Singida, Tanga, kila mahali. Walichimba maduara, yaani mashimo yao marefu ya kushukia kwenye mwamba, kwa nyundo na moko, yaani patasi zao za chuma, na mawe wakayasaga kwenye mitambo wanayoiita karasha, iliyonguruma kutwa. Waislamu miongoni mwao waliniomba darsa kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, chini ya turubai. Wakristo nao walikuja, kwa sababu palikuwa na kahawa.

Machimbo yalitawaliwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa Kasimu, Mha mwenye mabega mapana ambaye hakukosa darsa hata mara moja, na katibu wake alikuwa Paulo, Mkristo wa Singida, mtu wa kahawa. Kamati iliamua nani achimbe wapi, nani kapigana na nani, na choo kijengwe lini. Hilo la choo lilikuwa likiamuliwa kila kikao.

Mwaka mmoja mvua ziligoma. Lambo lililokuwa limechimbwa zamani kwa ajili ya mifugo ya kijiji likawa ndilo maji pekee ya karibu, na karasha zikawa zinayavuta kwa pampu za kuoshea mchanga wa dhahabu. Wafugaji wenye makundi wakahamisha ng'ombe wao mbali. Kamati ikakaa, ikabandika tangazo kwenye mti wa lambo: kuanzia mwanzo wa mwezi, ng'ombe atakayekutwa hapa ni supu.

Siku ya pili yake nilimkuta Mama Kabula mlangoni kwangu. Alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu mdogo, mwenyeji wa pale tangu enzi za mihogo, na asubuhi alipitisha maziwa kwa wachimbaji. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Wengine shemeji zake walikuwa wameswaga wote baada ya matanga. Huyo mmoja aliitwa Ofisa, kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya haraka.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma. "Shikamoo."

"Marahaba, Maalim. Hao watoto wako wa Ijumaa wanataka kumla ng'ombe wangu."

"Huwezi kumpeleka mbali kama wengine?"

"Kwa miguu gani? Yangu au yake?" Akakaa kwenye ngazi. "Maalim, mimi kwenye mji huu naitwa mama wa maziwa. Huyu akifa, nitaitwa nani? Nitarudi kwa shemeji zangu nikawapikie. Heri nife na kiu mimi."

Nilimwambia nitasema nao. Akauliza nitasema lini, maana Ofisa hawezi kuhesabu mwezi. Nikasema Ijumaa.

Sasa hapa, walimu wapya, ndipo somo langu lenyewe lilipo. Ningeweza kusimama chini ya turubai nikasema: mmekosea, mwogopeni Mungu. Wangesema amina, na jioni wangekula supu. Nikakumbuka Bibi Zuhura. Nikachukua karai langu, nikaenda kuwajengea Thamud.

Ijumaa ya kwanza nilijenga tu. Nilifinyanga mlima, nikauchonga milango, nikapitisha chemchemi, nikapanda mitende. Nilidhani wanaume wazima watanicheka. Waliinama wote juu ya karai.

"Maalim, hao walikuwa wanachonga kwa moko au kwa baruti?"

"Kwa mikono yao na vyuma."

"Na matimba?" akauliza mwingine, akimaanisha magogo ya kuzuia udongo usiwaporomokee. "Chumba kikubwa hivyo bila matimba?"

"Ulikuwa mwamba mtupu. Haukuhitaji."

Wakatazamana kwa wivu. Kasimu akauliza kifusi walikuwa wanatupa wapi. Nikasema sijui, na kweli sijui mpaka leo. Kisha Paulo, aliyekuwa amenyamaza na kikombe chake, akauliza lile lililokuwa mioyoni mwa wote.

"Walikuwa wanapata kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Dhahabu, Maalim."

"Hawakuchimba dhahabu. Walichonga nyumba."

Wakalitazama karai upya, kwa huruma. "Mlima mzima," akasema mmoja taratibu, "na wakaishia kulala humo?" Nilihisi ya kwamba ustaarabu wa Thamud umeporomoka mbele yangu kabla sijaugusa, na ilinibidi nikazane kueleza mashamba, majumba, wageni na sifa zao, mpaka wakakubali kuwaheshimu angalau kama mafundi.

Ijumaa ya pili niliwapa Nabii Saleh na ngamia, na zamu ya maji. Kasimu alinikodolea macho. Si mjinga Kasimu.

"Maalim, leo unafundisha au unatusema?"

"Nafundisha. Kahawa iko wapi?"

Ijumaa ya tatu niliwaangusha. Nilisema jinsi neema ilivyowapa kiburi; jinsi mjini humo palivyokuwa na kundi la watu tisa waliofanya uharibifu wala hawakutengeneza; jinsi ngamia alivyouawa; jinsi masimulizi yanavyosema nyuso zao zilibadilika, siku ya kwanza manjano, ya pili nyekundu, ya tatu nyeusi, kisha ukelele ukawachukua na nchi ikatetemeka. Nikamimina ndoo. Nilitazamia kilio. Badala yake nikaona midomo ya Paulo inacheza kimyakimya, na vidole vyake vinafuatana na midomo.

"Mwenyekiti," akasema, "kamati yetu tuko wangapi?"

Naapa sikuwa nimefikiria hilo. Miezi yote ile niliwaona wakikaa kwenye benchi lao na sikuwahi kuwahesabu. Walikuwa tisa.

Waliitisha kikao cha dharura palepale. Kesho yake mchimbaji mmoja alitoka kwenye duara akiwa amejaa vumbi la udongo mwekundu usoni, na wenzake walimkimbia mpaka korongoni. Ilibidi anawe mbele ya mashahidi.

Nami nilifurahi, nikijua sasa watalifuta lile azimio la supu. Hawakulifuta. Kasimu na Paulo walinijia shuleni, wakiwa wamevaa mashati ya mikono mirefu, kunieleza kwamba kamati imeamua kuongeza mjumbe wa kumi.

"Kasimu," nikasema, "kosa lao halikuwa idadi. Lilikuwa kiburi, na kumnyima kiumbe maji."

"Tunajua, Maalim," akasema kwa unyenyekevu. "Lakini idadi ndiyo tunayoweza kuirekebisha."

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kukasirika kama siku ile. Nilitupa chaki. Wao wakaiokota, wakaniwekea mezani, wakaaga.

Shida yao ikawa kumpata huyo wa kumi. Machimbo mazima yalikuwa yamesikia kisa, na hakuna aliyetaka kukaa benchi moja na wale tisa. Kinyozi alikataa. Mwuza vocha alikataa. Mmoja alisema ni heri ashuke kwenye duara bila kamba. Mwishowe Paulo akakumbuka kwamba viongozi wa kijiji wamekuwa wakiwasema kwa kukosa mwanamke kwenye kamati, na kwamba yupo mama mmoja ambaye si mtu wa darsa, hajui lolote. Wakamwendea Mama Kabula. Akakubali kabla hawajamaliza kusema.

Niliitwa kufungua kikao chake cha kwanza kwa dua, na baada ya dua sikuondoka. Alikuja na kitenge kipya, akakaa mwisho wa benchi. Ilipofika zamu yake ya kusema, akaomba lile tangazo la mtini liondolewe, ng'ombe apate zamu ya maji. Kasimu alimsikiliza kwa adabu, akaeleza habari za karasha na ukame, akaita kura. Mikono tisa ilikwenda juu kulipitisha tena azimio la supu. Mama Kabula akaitazama mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya.

"Sawa, wanangu. Mmeshinda." Akasimama, akajifunga kitenge. "Na mimi ujumbe naacha."

"Aa, Mama, usikasirike..."

"Sijakasirika. Nawaachia nafasi. Bakini wenyewe." Akaanza kwenda.

Hakuwa amefika mlangoni Paulo alipopata sauti. "Mwenyekiti! Tumerudi kuwa tisa!"

Jamani, mimi nimeona mabenchi yakipinduka kwenye mechi za mpira, lakini si namna ile. Wajumbe wawili walimwahi mlangoni. Kasimu alikuwa anatoka jasho.

"Mama, hicho kisa nani kakwambia?"

"Ijumaa zote tatu nilikuwa nyuma ya turubai na ndoo yangu ya maziwa," akasema. "Maalim ana sauti. Sasa zamu ya Ofisa ni lini?"

Zamu ilikuwa siku moja yake, siku moja yao. Siku ya Ofisa pampu zilizimwa, karasha zikanyamaza, na ng'ombe yule akashuka lamboni peke yake, kwa mwendo wake, huku wanaume zaidi ya mia wakimngojea amalize. Hakuna aliyethubutu kumswaga. Alikula sabuni ya mtu, alikula tangazo la supu lenyewe, nao wakampisha. Wenye ng'ombe wa mbali walipopata habari walirudisha na wa kwao, na lambo, kwa kuwa sasa lilipumzishwa, likafika mpaka mvua. Mama Kabula alikuwa anatishia kujiuzulu kila kikao. Choo kilijengwa.

Kisha machimbo yakafa. Hapakuwa na ukelele wala tetemeko. Ilikuwa simu: mtu aliyekuwa upande wa pili wa mkoa alipiga akasema huko mawe yanaonekana juujuu. Kabla wiki haijaisha Dubai ilikuwa imezimwa taa. Nilikwenda kuaga nikawakuta wanang'oa mabati, na pale palipokuwa na ukumbi wa mpira palikuwa pamebaki mashimo ya nguzo. Niliumia kuliko nilivyotazamia. Nilikuwa nimewapenda wale watu, kelele zao na maswali yao.

Lori la kamati lilikuwa mbele ya nyumba ya Mama Kabula, limewashwa, na Kasimu amesimama uani na kofia mkononi.

"Mama, twende. Na Ofisa tumempangia nafasi, tumemwekea majani."

"Huko maji yapo?"

"Bado hatujajua."

"Basi nendeni mkatafute maji kwanza, ndipo mtafute mawe," akasema. "Mimi maji yangu ninayo."

Kasimu akageuka kunitazama mimi, kwa matumaini. Nikamwambia nina kidato cha nne cha kumalizia. Wakapanda, wote tisa, na lori likaondoka polepole mno, likikwepa kila mbuzi na kila kuku wa njiani.

Mama Kabula alikwenda kumfungulia Ofisa, tukamfuata hadi lamboni. Ng'ombe aliingia mpaka magotini akanywa bila kuinua kichwa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kugawana naye. Yule mama alisimama akimtazama, machozi yanamtoka, na hakuyaficha.

"Maalim," akasema, "kile kisa chako utawafundisha na wengine?"

"Nitawafundisha."

"Wafundishe ulivyopewa. Lakini ukimaliza, waambie kwamba hapa kwetu huyu alikunywa."